Mbwa wa manyoya mengi si mwanasesere

Mbwa wa manyoya mengi ameingia mjini kwa kishindo. Tulipokuwa watoto, mbwa tuliowajua walikuwa wa aina mbili: mbwa koko aliyezurura sokoni akitafuta mifupa, na yule mkali aliyefungiwa mchana kutwa, akaachiliwa usiku alinde boma. Hakuna aliyefikiria kumpandisha mbwa kitini. Leo hii, katika fleti za Kilimani, South B na hata Nyali, utamkuta mbwa mweupe kama pamba amelala kwenye kochi, amefungwa utepe kichwani, na watoto wanagombea nani ambebe.

Sina ugomvi na mapenzi hayo. Mbwa humwondolea mzee upweke, humfunza mtoto kumjali kiumbe asiyeweza kusema, na humtoa mwenye nyumba kitini akatembee, jambo ambalo wagonjwa wangu wengi wa shinikizo la damu na kisukari wanalihitaji kuliko wanavyokubali. Ugomvi wangu ni na namna tunavyomnunua. Tunamchagua kwa picha, tunamlipia makumi ya maelfu ya shilingi, kisha tunamlea kama mwanasesere. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huyu mbwa ndani yake kuna tumbo, ngozi, mate na meno, na vyote hivyo vinahusu afya ya watu anaoishi nao.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Naandika haya kwa sababu mbwa asipotunzwa, aghalabu mgonjwa wa kwanza kuletwa kwangu huwa ni mtoto wa nyumba hiyo.

Manyoya ni ya aina mbili

Kabla ya kuuliza bei, uliza aina ya manyoya. Wapo mbwa ambao manyoya yao hukua bila kukoma, kama nywele za binadamu. Hawa ni kama Maltese, ambaye ana uzito wa kilo tatu au nne tu, na Poodle mwenye manyoya ya kujisokota. Hawapukutishi sana, kwa hivyo zulia lako litabaki safi. Lakini Maltese asipochanwa kila siku manyoya hushikana, na Poodle huhitaji kunyolewa kila baada ya wiki sita hadi nane, mwaka nenda mwaka rudi. Ukihesabu gharama, hesabu na kinyozi.

Wapo wengine wenye manyoya ya tabaka mbili: ya nje marefu na magumu kidogo, na ya ndani laini yaliyosongamana kama sufu. Miongoni mwao ni Pomeranian, Japanese Spitz, Chow Chow, Samoyed na Husky. Hawa hupukutisha mwaka mzima, na kuna majira ambapo utadhani umepasua mto wa usufi sebuleni. Hawahitaji kunyolewa, lakini wanahitaji kuchanwa hadi kwenye ngozi mara kadhaa kwa wiki.

Hapa kuna kosa ambalo watu hulifanya kwa huruma. Wanaona mbwa anahema kwa joto, wanampeleka kunyolewa kipara. Manyoya ya tabaka mbili humkinga mbwa na baridi, na pia na jua. Ukiyanyoa, ngozi inaungua, na mara nyingine manyoya hayarudi yalivyokuwa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama wewe na mimi. Hujipoza hasa kwa kuhema ulimi nje. Anachohitaji ni kivuli, maji na upepo.

Kwa sababu hiyo mahali unapoishi pana neno. Samoyed na Husky asili yao ni Siberia, nchi ya theluji. Limuru au Nyahururu wanaweza kujikaza. Kumweka Mombasa mwezi wa Februari katika nyumba isiyo na upepo ni mateso, na mbwa anaweza kufa kwa joto kwa muda mfupi kuliko unavyotumia sokoni. Wale wa uso bapa, kama Pekingese na Shih Tzu, wako hatarini zaidi kwa vile pua zao ni fupi na pumzi yao ni ya shida tangu kuzaliwa. Usimwache yeyote kati yao ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kama umeteremsha kioo kidogo.

Ukitaka maoni yangu, mkaaji wa fleti ya Nairobi anayefanya kazi kutwa asinunue Chow Chow wala Samoyed. Poodle mdogo au Japanese Spitz anafaa zaidi, kwa sharti kwamba yupo mtu wa kumchana na kumtembeza. Pomeranian ni mdogo mno kwa nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu. Mtoto akimwangusha anavunjika mguu, na akiumizwa atauma.

Suala la pumu

Mara nyingi wazazi huniuliza: mtoto wetu ana pumu, lakini muuzaji ametuambia kuna mbwa asiyeleta madhara kwa watu wenye mzio. Je, ni kweli?

Wengi walisikia habari hii kwa mara ya kwanza mnamo 2009, Rais Barack Obama alipowaletea binti zake mbwa aliyeitwa Bo. Ilisemwa kwamba aina yake ilichaguliwa kwa sababu mmoja wa mabinti alikuwa na mzio. Tangu hapo wauzaji wamepata wimbo. Lakini kinachomletea mgonjwa mafua na kubanwa kifua si unywele wenyewe. Ni protini zilizomo katika mate, katika mkojo na katika mba ya ngozi ya mbwa. Kila mbwa ana mate na kila mbwa ana ngozi. Mnamo 2011 watafiti wa hospitali ya Henry Ford mjini Detroit, Marekani, walipima vumbi la nyumba zenye mbwa. Waliona kwamba nyumba zenye wale wanaosifiwa kuwa salama hazikuwa na nafuu yoyote kulinganisha na nyumba zenye mbwa wengine.

Basi kama mtoto ana pumu, usinunue kwa maneno ya muuzaji. Mpeleke mtoto akakae na mbwa wa aina hiyo kwa rafiki au jamaa, zaidi ya mara moja, na umwangalie. Akianza kukohoa usiku, jibu umelipata bila kulipa senti. Na kama mbwa tayari yumo nyumbani, asilale katika chumba cha mtoto wala juu ya kitanda chake, na mtoto asiache dawa zake za pumu kwa kuwa eti amezoea.

Yaliyojificha chini ya manyoya

Manyoya mengi ni kama msitu. Kupe wa rangi ya kahawia aliyejaa hapa kwetu huingia humo asionekane, akanyonya damu siku nyingi, na kumwachia mbwa homa inayoweza kumuua. Kila jioni baada ya matembezi, pitisha vidole ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingo, kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Ukimpata kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole. Usimpake mafuta ya taa, usimchome kwa kiberiti.

Tena nakusihi, usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe kutoka agroveti ukampaka mbwa wa kilo tatu kwa kukadiria. Mbwa hujilamba, na mtoto humkumbatia. Sumu hiyo itawafikia wote wawili. Daktari wa mifugo atakupa dawa ya kupe inayolingana na uzito wa mbwa wako.

Kuna pia choa, ile miviringo inayowasha, ambayo watoto huipata vichwani na mikononi. Ni kuvu, na mtoto wa mbwa mwenye manyoya mengi anaweza kuwa nayo bila dalili kubwa. Mtoto wako akitibiwa choa kikarudi mara ya pili na ya tatu, mtazame mbwa.

Minyoo nayo haijali bei ya mbwa. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari wana minyoo ya mviringo, waliyoipata tumboni mwa mama yao. Mayai hutoka na kinyesi, na baada ya wiki mbili tatu katika udongo huwa tayari kumwambukiza mtu. Mtoto anayecheza mchangani na kutia vidole mdomoni huyameza. Mara nyingi hakuna kinachoonekana, lakini mara nyingine viluwiluwi hao husafiri hadi ini, mapafu, au jicho, na mtoto akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo. Safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya mguu mtupu na kuacha mstari mwekundu unaojikunja na kuwasha usiku kucha. Watalii na wenyeji wa pwani wanaujua.

Tiba yake ni rahisi kuliko lawama. Mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo tangu akiwa na wiki mbili, arudiwe kila wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Baada ya hapo, kila miezi mitatu. Kinyesi kizolewe siku ile ile, kabla mayai hayajapevuka. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na usimpe mbwa matumbo mabichi kutoka buchari. Ugonjwa wa uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, ambao umewatesa ndugu zetu wa Turkana kwa miaka mingi, mzunguko wake hupita kwa mbwa anayekula viungo vibichi vya mifugo.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu si mgeni. Ulithibitishwa nchini Kenya mnamo 1912, kwa mbwa wa kufugwa pembezoni mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye, bado unakadiriwa kuua watu wapatao 2,000 humu nchini kila mwaka, na takriban 59,000 duniani kote. Katika kila wagonjwa mia moja, tisini na tisa waliambukizwa na mbwa. Wapatao arobaini ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hakuna hospitali itakayokuokoa, iwe ya umma au ya kibinafsi.

Wenye mbwa wa manyoya wana imani yao kuhusu jambo hili. Mama mmoja aliniletea msichana wa miaka sita aliyeumwa mkononi alipokuwa akimnyang'anya mbwa wao mpira. Jeraha lilikuwa dogo, lakini damu ilikuwa imetoka. Nilipotaja chanjo, mama alicheka. "Daktari, huyu ni mbwa wa ndani, hata getini hatoki." Nikaomba kadi ya chanjo ya mbwa. Haikuwepo. Muuzaji alikuwa amesema mbwa amechanjwa kila kitu, wakamwamini. Nikauliza kama mbwa amewahi kutoka. Hapo mtoto mwenyewe akajibu: hutoka na dada wa nyumbani kila asubuhi kwenda dukani, na wiki iliyopita alipigana na mbwa wa mtaani.

Tuliosha jeraha upya na kuanza chanjo siku ile ile. Mbwa alichungwa kwa siku kumi, akabaki mzima. Mtoto naye ni mzima. Lakini familia ile ilipita siku kumi bila usingizi, na ikatumia fedha nyingi mno kuliko gharama ya sindano moja ya mbwa.

Mbwa wa ndani hayupo, ndugu msomaji. Hata yule anayeishi ghorofa ya tano hushuka ngazi, hukutana na paka, hukutana na mbwa koko kwenye pipa la taka. Achanjwe kichaa akifika miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka, na kadi iwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kabla ya hapo, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, awe ameanza chanjo za magonjwa yanayoua mbwa wachanga, na muuzaji akuonyeshe kadi yenye tarehe na sahihi ya daktari. Maneno matupu si chanjo.

Mnamo 2014 serikali ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Njia kuu ni kuwachanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka baada ya mwaka. Huwa tunalalamika kwamba mbwa wa mashambani hawachanjwi. Ni aibu iliyoje kwa mtu aliyenunua mbwa kwa bei ya ng'ombe kukosa fedha za chanjo, huku mkulima akimleta wake kwa kamba siku ya chanjo ya bure.

Na ukiumwa, au ukikwaruzwa damu ikatoka, au mbwa akilamba kidonda: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano nzima. Tazama saa, maana dakika kumi na tano ni ndefu. Usipake kahawa, pilipili wala mafuta. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usingoje kuona mbwa atakuwaje. Waambie watoto mapema kwamba hawatachapwa wakisema wameumwa. Mtoto anayeficha jeraha kwa kuogopa kwamba mbwa wake atauawa yuko hatarini kuliko wote.

Kazi ni ya nani?

Limebaki suala moja ambalo halisemwi. Katika nyumba nyingi za mjini, baba ndiye anayenunua mbwa, watoto ndio wanaompa jina, na dada wa nyumbani ndiye anayemwosha, anayemchana na kuzoa kinyesi. Hakuulizwa, wala mshahara wake haukuongezwa. Pengine anamwogopa mbwa tangu utotoni. Pengine ni Mwislamu, na mate ya mbwa yakimgusa inambidi ajitwaharishe kabla ya kuswali. Mtu aliyetwishwa kazi asiyoitaka hataipa moyo, na hapo ndipo manyoya yanaposokotana, vidonda vinapooza chini yake, na kupe wanapozaana. Muulize kwanza. Akikataa, kazi ni yako. Jirani naye ana haki yake: ngazi za fleti ni za wote, na si kila mtu anafurahia kurukiwa.

Utunzaji wenyewe hauhitaji elimu kubwa. Mchane kabla ya kumwosha, maana maji hukaza mafundo. Mwoshe kila baada ya wiki tatu au nne kwa sabuni ya mbwa, si ya watu wala ya nguo, kisha umkaushe hadi kwenye ngozi. Kata kucha, tazama masikio, piga meno mswaki. Usimpe chokoleti, kitunguu, zabibu wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Ugali na mchuzi peke yake haumtoshi. Anahitaji nyama au chakula kamili cha mbwa. Mlishe kwa kipimo, kwa kuwa manyoya huficha kitambi.

Mbwa mdogo huishi miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano. Binti yako wa darasa la pili atakuwa amemaliza shule, na mbwa bado yupo. Kama baada ya kupiga hesabu hiyo unaona huwezi, hakuna aibu. Kama unaweza, nunua kwa mtu atakayekuruhusu umwone mama wa mbwa na mahali alipozaliwa, au pita kwa shirika la KSPCA kule Karen uwaone wanaosubiri mtu wa kuwapenda. Si wote walio na manyoya marefu, lakini shukrani wanazo.

Na utakapomtoa kwa muuzaji, safari yake ya kwanza iwe kwa daktari wa mifugo. Mpiga picha atangoja.